Bosi anaondoka, ananiachia farasi mzee

Shikamoo Mzee wetu wa Mifugo,

Ninakuandikia nikiwa kazini, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na huyo ninayekuandikia habari zake yuko nyuma yangu ananipumulia shingoni. Anaitwa Kapteni. Ni farasi maksai, kahawia iliyokolea, ana miaka 26.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, miaka 43, baba wa watoto watatu. Kazi yangu ni saisi hapa Usa River, mwaka huu ni wa 14. Nikiwaambia watu natunza farasi wanacheka, wanadhani ni kazi ya kwenye sinema. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba yangu na kumfikisha binti yetu mkubwa kidato cha tano.

Bosi wangu ni mgeni, ingawa amekaa hapa miaka mingi. Alikuwa anawatembeza watalii kwa farasi. Sasa amefunga biashara na mwisho wa mwezi huu anarudi kwao. Farasi wanane wamepata pa kwenda, wengine Kenya, wengine kwenye mashamba ya huku huku. Kapteni hatakiwi na mtu. Mwaka juzi mwezi wa nne aliingiza mguu wa mbele wa kulia kwenye shimo la ngiri akiwa na mgeni mgongoni. Mgeni hakuumia. Kapteni alirudi kwa miguu mitatu, na kano ya nyuma ya ule mguu ikavimba ikapinda nje kama ndizi mshare. Tulimuuguza mwaka mzima. Leo anatembea vizuri, ila akienda matiti, ule mwendo wa kukimbia polepole, unaona kichwa kinanesa, na mbio za kasi, shoti, hajapiga tena.

Jumatatu bosi aliniita akasema: "Wewe ndiye unayempenda. Mchukue, nakupa laki sita za kuanzia na tandiko lake, na hapo tutakuwa tumemalizana. Usipomtaka, daktari atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi kumlaza asiamke tena." Alisema kwa upole, Mzee, sikuona ubaya. Ila tangu siku hiyo silali.

Mama watoto nilipomwambia alijibu sentensi moja tu: "Mlete, halafu wewe mwenyewe umweleze mwanao kwamba ada yake imeliwa na farasi." Shemeji yangu wa Moshi mjini yeye amefurahi. Anasema kipaimara kinakaribia, tutampaka rangi kwato na kumvika maua, kila mtoto apige picha juu yake kwa elfu tano. Kuna na bwana mmoja wa Arusha, mshereheshaji wa harusi, amesikia habari na amepanda dau mpaka milioni moja na laki mbili. Anataka mabwana harusi waingie ukumbini juu ya farasi. Na mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi pamoja zamani ana eneo tambarare chini ya Kikatiti, amelizungushia miiba, anafuga punda wanne wa kubebea maji. Ameniambia nimpeleke huko, hataki kodi, "ila mahindi yangu asiyaguse."

Mama yangu mzazi anasema mnyama aliyekutumikia hauawi, Mungu anaona. Yeye anataka nimpandishe Kibosho kihambani. Kihamba chetu ni nusu eka, kina migomba, kahawa na ng'ombe wawili wa ndani.

Kitu kingine, sijui kama kina maana. Siku hizi Kapteni amekuwa mchaguzi wa chakula. Anatafuna nyasi kisha anaitema, asubuhi naokota kwenye hori vidonge vya majani vilivyolowa mate, kama tonge lililotafunwa na mtoto likarudishwa sahanini. Nimemwongezea pumba za mahindi, hizo anazipenda, lakini bado anakonda, na juu ya macho pameingia vishimo.

Je, nimchukue? Na nikimwacha hiyo Ijumaa ifike, nitakuwa nimemsaliti?

Saisi wa Usa River

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nyekundu, na nilichokipigia mstari hakimhusu farasi. Ni maneno ya bosi wako: "tutakuwa tumemalizana." Umemalizana naye kitu gani? Umemfanyia kazi miaka 14, biashara inafungwa, na kwenye barua nzima sijaona neno kiinua mgongo. Sijaona notisi wala malipo ya likizo. Nimeona laki sita, tandiko, na farasi anayechechemea.

Mimi ni mtu wa mifugo, si mwanasheria, lakini jambo hili liko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kama hiyo alipwe mshahara wa angalau siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi kikomo cha miaka 10. Kwako wewe hizo ni siku 70. Juu yake kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na likizo ambazo hukuzichukua. Zungumza naye kwanza kwa adabu, maana huenda hajui au amejisahaulisha, na umwombe aandike kwenye karatasi mbili tofauti: moja ya haki zako, nyingine ya farasi. Akikataa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Arusha, na una siku 30 tangu kuachishwa za kupeleka malalamiko. Usizipoteze ukikimbizana na marobota ya nyasi.

Nimeanza na hili kwa sababu miaka yangu kazini niliwaona watu wengi wakiachiwa mnyama badala ya fedha, na wakamchukua kwa uchungu wa kutotambuliwa. Mnyama akawa ndiye barua ya shukrani waliyotakiwa kuandikiwa. Sasa barua ya shukrani inayokula kilo nane za nyasi kwa siku ni ghali sana. Kapteni hakudai wewe, na wewe humdai yeye. Tumtazame kama mgonjwa mzee, basi.

Halafu vile vidonge vya kwenye hori. Umeviweka mwisho wa barua kama kitu cha pembeni, kumbe ndivyo vyenye jibu. Kapteni si mchaguzi. Hawezi kutafuna.

Meno ya farasi si kama yetu. Huendelea kuchomoza maisha yote, kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, huku nyasi ikiyasaga kwa juu. Akiba yake iko ndani ya taya tangu ujana, na ina mwisho. Farasi anayevuka miaka 25 huwa anakaribia sakafu ya ghala. Gego linaweza kung'oka, jingine likabaki refu kwa kukosa mwenzake wa kusagana naye, na kingo zinachongoka kama kisu: za juu zinakata mashavu, za chini zinakata ulimi. Hapo anatafuna, anaumia, anaizungusha nyasi mdomoni mpaka inakuwa kidonge, anaitema. Wewe unaona hori limejaa na kusema amesusa. Kwa kuwa pumba hazihitaji kusagwa sana, anazila, nawe unafarijika.

Pumba hizo nakuomba uzipunguze taratibu kuanzia leo, na nitakueleza kwa nini kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa kijana, bwana mifugo mpya wilaya ya Hai, nilimnunua punda mmoja mnadani ambaye mgongo wake ulikuwa kidonda kitupu. Nilijiona mwokozi. Nilimfungia peke yake nyuma ya nyumba ya serikali, nikampa pumba na mahindi ya kuchemsha, debe kwa debe. Akanawiri. Watu walikuja kumtazama nami nikawa namwonyesha kama mtoto aliyefaulu. Wiki ya tatu nikamkuta amesimama kwa namna ambayo sijaisahau: miguu ya mbele ameitanguliza mbele, uzito wote ameutupa nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa na anatafuta pa kuweka kisigino. Kwato zilikuwa za moto mkononi mwangu. Wanga mwingi kwa wanyama hawa humaliziwa tumboni kwa uchachu, na madhara yake hushukia kwenye nyama laini inayoshikilia ukwato kwenye mfupa. Ikiachia, imeachia. Yule punda nilimuua kwa huruma, na chuoni nilikuwa nimefundishwa.

Kwa hiyo kabla hujazungumza na shemeji, mama wala mshereheshaji, muite daktari wa mifugo atazame magego. Namaanisha magego, nyuma kabisa, kwa kifaa cha kupanulia mdomo na tochi, farasi akiwa amechomwa dawa ya kumtuliza. Kuinua mdomo na kutazama meno ya mbele hakutoshi. Bosi bado yupo, na gharama hii ni yake. Kama tatizo ni kingo kali, daktari atazichonga kwa tupa lake refu, na ndani ya wiki mbili unaweza kuona mnyama mwingine. Kama magego yameisha, hapo hakuna tupa. Atabaki mtu wa uji: majani ya malisho ya lusini yaliyokatwakatwa na kulowekwa mpaka yalainike, mara nne kwa siku, kila siku, mpaka mwisho wake. Akiwa hapo, daktari aushike na ule mguu, auminye penye kano, amtembeze kwenye ardhi ngumu na laini. Kano iliyopona vibaya inaweza kumruhusu farasi kuishi kwa raha malishoni bila kupandwa na mtu. Inaweza pia kuwa inamuuma kila siku naye amezoea tu kunyamaza. Wanyama wanaowindwa hawalii ovyo. Wewe uliyekaa naye miaka 14 utajua kwa mambo madogo: analala chini usiku au anaogopa kulala kwa sababu kuinuka ni kazi?

Kuhusu kihamba, mama yako mpe heshima zote, lakini hapana. Nakijua Kibosho. Kihamba ni mahali pa mnyama anayeletewa, na ng'ombe anaridhika hivyo, anakula majani ya mgomba, anacheua, anangoja ndoo. Farasi ni mnyama wa kutembea na kula kidogo kidogo kutwa na sehemu ya usiku. Tumbo lake halitulii bila kitu ndani, wala hawezi kutapika kikimkwama, na hapo ndipo wanapopatwa na msokoto wa tumbo unaowaangusha chini. Mweke mwenye kano mbovu kwenye mteremko, kati ya migomba, kwenye utelezi wa masika, ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wa maji, utampoteza kabla ya Krismasi. Tena atakuwa peke yake. Farasi aliyeishi na wenzake miaka yote halafu akafungiwa na ng'ombe wawili wasiotoka bandani huzunguka ua mpaka anachimba njia.

Na hesabu, mwanangu, ifanye kwa kilo kabla ya kuifanya kwa shilingi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe. Zidisha tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,900. Tuseme umepata mzunguko 175 na urefu 155: hiyo ni takriban kilo 400. Farasi aliyekonda mhesabie asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 8 za majani makavu, kilo 240 kwa mwezi. Kama robota la kwenu lina kilo 15, hayo ni marobota 16. Sasa zidisha kwa bei, ila usichukue ya Mei kila mtu akiwa na nyasi. Chukua ya Septemba na Oktoba, pikipiki zinapopita na robota mojamoja kama zimebeba bibi harusi. Ongeza maji lita 30 hadi 40 kwa siku, zaidi wakati wa joto. Ongeza chumvi, dawa ya minyoo, na kukata kwato kila wiki sita hadi nane, ambako sitakufundisha mimi. Uone laki sita zinafika wapi. Mama watoto alipiga hesabu hiyo kichwani akiwa amesimama jikoni, na hakukosea sana. Mtoto asikose ada kwa ajili hii. Hilo sina mjadala nalo.

Shemeji na mshereheshaji nitawajibu kwa pamoja. Farasi mwenye miaka 26, kano iliyochanika na mdomo wenye vidonda, umpandishe bwana harusi wa kilo tisini na suti yake, umuingize ukumbini kwenye vigae, spika zinapiga, watu wanarusha pesa na vigelegele? Akiteleza pale nani atamuinua? Na mtoto wa kipaimara akianguka, hiyo elfu tano mtaigawana na hospitali gani? Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama na kumfanyisha kazi asiyoiweza. Lakini hata sheria isingekuwepo, wewe ni saisi. Hiyo milioni na laki mbili najua inavuta, hasa mwezi huu. Ichukulie kama bei ya kumuuza mahali ambapo hutamuona akianguka.

Linabaki eneo la Kikatiti, na hapo ndipo ningeanzia kama daktari akisema mdomo unachongeka na mguu unavumilika. Ni tambarare, kuna wenzake, na punda ni rafiki mzuri wa farasi mzee, hana papara. Ila kuna mambo. Hao punda wanne wapewe dawa ya minyoo kwanza, kwa sababu punda hubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa, akamwambukiza farasi ambaye ndiye ataumia. Ile miiba ikaguliwe: ngozi ya farasi ni laini, na kidonda cha mwiba ni mlango wa pepopunda. Unajua wahenga wetu hawakukosea kuuita hivyo, jamaa wote wa punda wanashikwa vibaya mno na ugonjwa huo, na farasi ndiye dhaifu kuliko karibu wanyama wote wa nyumbani. Chanjo yake ipo. Mwombe bosi kadi ya chanjo kabla hajafunga mizigo, na utazame pia lini alichanjwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huo unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, na pundamilia wetu wanaubeba wakiwa wazima kabisa. Farasi asiye na kinga akiupata mara nyingi hafiki wiki ya pili. Chanjo hutengenezwa Afrika Kusini na hurudiwa kila mwaka, hivyo mbadala wa maskini ni banda: jua likizama aingie ndani, litoke atoke, hasa mvua zinapokaribia kwisha. Na kibali cha kusafirisha mifugo uchukue kwa ofisa mifugo hata kama ni mwendo mfupi, usije ukalala naye kizuizini.

Na yule mwenzako muandikishane. Wewe ndiye mwenye farasi, yeye mwenye ardhi, nani analeta nyasi kiangazi, nani anaita daktari, na kwamba hatapandwa, hatavutishwa mkokoteni, wala kuazimwa. Urafiki wa "mlete tu" hudumu mpaka farasi aguse shina la kwanza la hindi. Huyo bosi naye, badala ya laki sita mkononi, mwambie alipe nyasi za mwaka mmoja na daktari. Kama kweli alimpenda, kumlisha mwaka mmoja mnyama aliyemtafutia wageni miaka yote hiyo si jambo la kumuumiza.

Sasa Ijumaa. Najua ndiyo hasa uliyoniuliza.

Mwaka 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alihamia Cairo na mumewe ambaye alikuwa ofisa wa jeshi. Akawakuta mitaani farasi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale waliouzwa Misri vita vilipokwisha 1918, bado wanavuta mikokoteni, wamekwisha kuwa mifupa. Mwaka 1931 aliandika barua gazetini huko Uingereza, barua kama hii yako, na fedha zikamiminika. Alinunua kama 5,000 katika miaka michache, na mwaka 1934 akafungua hospitali ambayo shirika lake lipo mpaka leo, na linahudumia punda hata kwa jirani zetu Kenya. Ninachotaka ukione ni hiki: wengi wa farasi aliowanunua aliwalaza. Aliwapa siku chache za matandiko makavu, maji safi na chakula laini, kisha akawapumzisha kwa heshima, kwa sababu aliwatazama na kuona hawana maisha mengine mbele yao. Hakuna aliyemwita msaliti. Walimwita mwokozi, na hospitali ikapewa jina lake.

Kwa hiyo daktari akikuambia magego yameisha, au kano inauma kila hatua, au karatasi ya Kikatiti haikuandikwa na nyasi za mwaka hazikulipwa, usimkimbize Kapteni usiku kwa lori kumpeleka kihambani. Ijumaa iwe Ijumaa. Mama mwambie hivi: aliyekutumikia humuachi afe njaa hori likiwa limejaa. Naamini atakuelewa, amelea watu wazee.

Ikifika siku hiyo, yafuate haya. Iwe asubuhi, pale pale alipozoea, shimo likiwa limeshachimbwa kwa kina jirani na mahali atakapolala, maana kilo 400 haziburutwi na watu wanne. Apewe kwanza sindano ya kumtuliza, kisha ya pili kwenye mshipa wa shingo. Huanguka haraka, kwa hiyo simama ubavuni, si mbele yake, na daktari atakuonyesha upande. Ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na si ya mtu mwingine. Dawa hiyo inabaki mwilini, mbwa, fisi au tai akila mzoga naye anakufa. Hivyo azikwe siku hiyo hiyo, na usikubali mtu anayekuja na panga akisema nyama isipotee. Hata zile dawa za maumivu alizokunywa mwaka mzima wa mguu zinatosha kumfanya asiliwe na binadamu. Kama una jirani wa kulinda usiku wa kwanza, mlipe chochote.

Usiku wa kuamkia hapo loweka lusini kwenye ndoo, iwe laini kabisa, ale bila kutema. Kamba ishike wewe, asishike mgeni.

Lakini tusifike huko kabla ya magego kutazamwa. Niandikie ukishajua yakoje, na uniambie pia kama bosi ametia saini ile karatasi ya kwanza, ya haki zako.